Picha Bubu ya Alhamisi

Siku niliyorudisha funguo za studio, nyinyi vijana mlinizuia mlangoni mkaniuliza nilijifunzia wapi kuivalisha midomo ya waigizaji wa mbali maneno ya Kiswahili. Teksi ilikuwa ikipiga honi. Nikajibu, "Malindi," nikaondoka. Jibu lilikuwa la kweli, lakini tangu siku ile halinipi raha. Nimekaa nyumbani wiki kadhaa, nimepanga makabati nikayapangua, nimegombana na jirani kwa sababu ya paka wake, na bado nalijibu swali lenu nikiwa jikoni peke yangu. Afadhali niliandike liniondoke.

Wazee wangu walitoka visiwa vya kaskazini wakahamia Malindi, tukapanga mtaa wa Shela, ubavuni mwa nyumba ya Wahindi. Ukuta wa ua ulikuwa mfupi. Mabinti wa nyumba ile walikuwa rika langu, na kwa kucheza nao nikakiokota Kikachi chao na Kihindi cha kwenye picha za sinema bila kujua kwamba najifunza. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nikaolewa, na kabla ya miaka miwili nikaachika. Mume yule hakuwa mbaya. Tulikuwa kama watu wawili waliokaa benchi moja wakingoja mabasi tofauti. Nikarudi kwa mama yangu, na hapo ndipo nilipojua kwamba siwezi kutulia. Nilishona kofia nikaziacha nusu. Niliazima riwaya maktaba, nikaanza na kurasa za mwisho, halafu nikarudi nyuma nikiwalaumu waandishi. Wengi wao waliwafanya wahusika waseme kama tangazo la serikali. Mtu amefiwa na mwanawe, lakini anatoa hotuba! Nilikuwa nikikifunga kitabu kwa kishindo mpaka mama akisema, "Mwanaisha, kitabu cha watu hicho."

Bi Kulsum alikuwa mama yake Bwana Abbas, mwenye sinema. Kila Alhamisi baada ya alasiri palikuwa na onyesho la wanawake. Mwanamume hakuruhusiwa kuingia, isipokuwa Kazungu wa Matsangoni aliyeendesha mashine, ambaye alipanda kwa ngazi ya nyuma na wanawake walimhesabu kuwa sehemu ya mashine. Picha zilikuwa za Kihindi, na wengi ukumbini hawakukijua. Kwa hiyo Bi Kulsum alisimama pembeni mwa pazia jeupe na kipaza sauti chenye waya mrefu, akawaeleza kwa Kiswahili yanayosemwa. Miaka na miaka wanawake wa Malindi waliwajua mastelingi wote, mashujaa wa picha, kwa sauti ya mama mmoja mnene aliyevaa miwani.

Halafu akaugua koo. Akapasuliwa Mombasa, akarudi na mnong'ono tu. Mnong'ono ule haukuweza kuvuka meza, sembuse ukumbi.

Aliniita siku moja nilipokuwa nimemaliza kumgombeza muuza samaki.

"Shikamoo, Bi Kulsum."

"Marahaba, beti," akanong'ona. Beti ni binti. "Nimekusikia ukigombana. Umegombana kwa lugha tatu, na kila lugha kwa adabu zake. Alhamisi uje unisaidie."

Siku ya kwanza niliharibu. Nilidhani kazi ni kutafsiri kila kitu. Stelingi akisema, nasema. Mama yake akilia, nasema "analia." Wimbo ulipoanza nikautafsiri nao, mstari kwa mstari, na hapo maganda ya njugu yakaanza kunipiga kichwani. "Tuache tusikie, bibiye!" Kuna aliyenitupia kandambili. Ilikuwa nzuri kuliko zangu, lakini aliirudia baadaye.

Bi Kulsum alinikalisha kwenye ngazi baada ya watu kutoka. Hakunifariji. Akaniambia nyimbo nisiziguse. Machozi nisiyatafsiri, yanajieleza. Na mtu mbaya nisimsaidie kuwa mbaya. "Adui akisema neno lake, wewe liseme kama mtu anayeomba chai. Wao wenyewe watamchukia. Ukimkasirikia wewe, watakutazama wewe." Vijana, nimefanya kazi hii mpaka nywele zimekuwa nyeupe na sijapata somo lililo kubwa kuliko hilo. Nasikia baadhi yenu studio mkiwapa majambazi sauti ya kukwaruza. Jambazi hajui kwamba ni jambazi.

Yalikuwepo magumu yake. Picha za mama mkwe, kwa mfano. Mama wakwe na wake za wana wao walikaa safu moja, na kila neno nililolisema lilipimwa na pande mbili. Nikilainisha, wasichana wananigunia. Nikikaza, ninasimamishwa sokoni na mama mzima aliyevaa buibui: "Mwanangu, yule mama wa picha hakusema vile. Umeongeza." Gumu jingine ni "nakupenda." Wahindi wa picha hulisema kila dakika, mlimani, bustanini, mvuani. Mimi nililitamka kwenye kipaza sauti mara ya kwanza na ukumbi mzima ukacheka mpaka wimbo ukaisha. Kwetu nani aliyekuwa akilisema? Nikahangaika wiki mbili. Mwishowe stelingi mmoja alipomshika mchumba wake mikono, nikasema, "Nimekuzoea." Ukumbi ukashusha pumzi. Sijui kama ni tafsiri. Mpaka leo linanikera kwamba sijui.

Nilikuwa sisimami mahali pamoja. Waya wa kipaza sauti uliniruhusu kutoka pazia mpaka mlango wa pembeni, nami niliumaliza wote, huku na huku. Moyo wangu ulikuwa mlangoni hata nilipokuwa nasema. Nilitaka kuwa Mombasa, nilitaka kuwa kwenye nchi za picha zile, nilitaka kuwa nyumbani.

Kisha video zikaja. Kwanza nyumba moja, halafu nyumba kila mtaa, na duka la kuazimisha kaseti likafunguliwa karibu na soko. Wanawake waliokuwa wakija wakapungua. Video zilishinda hatimaye, na sinema ile ikawa ghala la saruji, ndipo nami nikashuka Mombasa kutafuta michezo ya redio na baadaye kazi hii yetu ya kuzitia picha za kigeni sauti za Kiswahili. Lakini hayo ni ya mbele. Wakati ninaousema, Bwana Abbas alikuwa bado anahesabu viti vitupu kwa macho.

"Mwanaisha," akaniambia, "Alhamisi ijayo naleta picha mpya, kubwa. Hii ikiharibika, Alhamisi nitaonyesha picha za ngumi, waje wanaume."

"Mama yako anajua?"

"Mama yangu ndiye ataniua. Kwa hiyo omba isiharibike."

Wiki hiyohiyo kakangu Twalib, aliyekuwa na duka la nyavu na kamba, alikuja nyumbani akakaa bila kuvua kofia. Baba alikwishafariki, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Kulikuwa na mtu Gongoni, karani kwenye mashamba ya chumvi, mjane, mwenye heshima, na ametuma posa.

"Sharti lake ni moja," Twalib akasema. "Kile kibomba cha sinema, hicho kipaza sauti chako, ukiache. Hataki sauti ya mkewe isikike ukumbini."

"Wanaosikia ni wanawake watupu, kaka."

"Na Kazungu?"

"Kazungu ni sehemu ya mashine."

Hakucheka. "Nijibu Ijumaa. Na usinijibu kwa mzaha. Mama yetu anazeeka, na wewe huna unalolimaliza."

Lile la mwisho liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli. Siku zote zilizofuata sikuweza kukaa. Nilikwenda mpaka ufukweni nikarudi, nikaenda tena. Nilimfikiria yule karani, ambaye sikuwahi kumwona, nikampa uso wa stelingi, nikauondoa, nikampa uso wa adui, nikaona namwonea. Alikuwa mtu tu, anataka mke.

Alhamisi ikafika na picha haikufika. Mikebe ya filamu ililetwa na basi la Mombasa, na basi lilikuwa limekwama Mnarani kwenye foleni ya feri. Kwa kawaida Kazungu alinionyesha picha asubuhi niizoee. Siku hiyo mikebe iliingia wanawake wakiwa wamekwisha kukaa. Na walikuwa wamejaa! Bango la picha lilikuwa limefanya kazi yake. Wahindi roshanini, Waswahili na Wabajuni katikati, wanawake wa Kigiriama na leso zao mbele kabisa, watoto wachanga kila paja. Wifi yangu Rukia, mke wa Twalib, alikuwa safu ya nne. Bi Kulsum alikaa ya pili, mikono juu ya pochi.

Picha ilikuwa ya mke wa dereva wa treni. Anasingiziwa kuiba mkufu wa mama mkwe. Mumewe, Mohan, hamsikilizi, anamfukuza usiku wa mvua, maana katika picha hizi hakuna anayefukuzwa jua likiwaka. Nilikuwa naifuata vizuri tu. Miaka ikapita, Mohan akawa mwenye mvi, treni yake ikapita darajani, mdundo wa muziki ukapanda, na treni ikatoka relini kimya.

Kimya kabisa. Mabehewa yalibingirika bila mlio.

Kazungu akatoa kichwa kwenye tundu la mashine. "Dada! Taa ya sauti imeungua! Nyingine hakuna ila Mombasa!" Bila taa ile mashine haiwezi kuitoa sauti ya filamu.

Ukumbi ukalipuka. Mbinja, miguu, watoto wakaamka. Wengine wakasimama kudai viingilio vyao. Nje ya mlango nilimsikia Bwana Abbas akizunguka kama mtu aliyefungiwa ndani, ingawa aliyefungiwa alikuwa nje. Na picha ilikuwa inaendelea, watu wakubwa kwenye pazia wakifungua na kufumba midomo. Kipaza sauti changu kilikuwa kizima. Nilichokosa ni cha kusema.

Ndipo mkono ukanishika begani. Bi Kulsum alikuwa amepanda. Akanivuta karibu mpaka miwani yake ikagusa shavu langu, akaelekeza macho kwenye pazia.

"Daktari anasema, 'Macho yamekwenda,'" akanong'ona.

Nikasema kwenye kipaza sauti, "Macho yamekwenda." Sikusema "anasema." Nilisema kama daktari.

"Mama anauliza, 'Yote mawili?'"

"Yote mawili?" nikauliza, kwa sauti ya mama.

Wakaanza kukaa. Kwanza safu za mbele, kisha katikati. Bi Kulsum alikuwa ameziona picha hizi maisha yake yote, na alisoma midomo nusu, nusu akibashiri. Mara nyingine alichelewa, nami nikajifunza palepale kungoja mdomo ufunguke ndipo niuingie, na kuondoka kabla haujafumba. Hicho ndicho mlichoniuliza mlangoni. Kikohozi cha mzee nilikikohoa. Nyimbo zilipofika, wanawake waliozijua kwenye redio waliimba wenyewe, kila mmoja na maneno yake, na hakuna aliyenitupia njugu.

Mohan analazwa hospitali ambako yule mke aliyefukuzwa anafagia. Anaomba kumwuguza. Lakini hatamki neno, maana sauti yake ataijua. Anamwosha, anamlisha, anamwongoza bustanini, kimya. Mkufu unapatikana, mwizi anakiri, mama mkwe analia, na mke bado hasemi. Mimi na Bi Kulsum tulimshukuru aliyeiandika, koo langu lilipata nafasi.

Kisha likaja tukio la mwisho. Mke ameketi kitandani, ametugeuzia mgongo. Tunauona uso wa Mohan tu na bakuli la uji katikati yao. Mke anainua kijiko. Na tazama, Mohan anashtuka. Mikono yake inaanguka. Uso unabadilika kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Amesema! Mwanamke amesema neno!

"Kasema nini?" ukumbi ukauliza. "Kasema nini? Mwanaisha!"

Nikageuka kwa Bi Kulsum. Nilisikia pumzi yake. Halafu akanong'ona, "Mohan."

Nyinyi vijana mnawaita waume zenu majina, tena mengine ya kubuni. Wakati ule kwetu mke alimwita mumewe Baba Fulani, au alikohoa mlangoni, na kwa Wahindi ilikuwa hivyohivyo. Jina la mume halikukaa mdomoni mwa mke. Nikakisogeza kipaza sauti nikalisema polepole, kama mtu anayeweka kitu chini.

"Mohan."

Maandishi ya mwisho yakaanza kupanda, na vigelegele vikapigwa kuanzia mbele mpaka roshanini, wanawake wakitoka wakilia na kucheka, wengine wakinikumbatia mimi na wengine wakimkumbatia Bi Kulsum.

Ijumaa Twalib alikuja kuchukua jibu.

"Mwambie hapana," nikasema. "Mwambie kwa heshima. Hana kosa."

"Kwa sababu ya kibomba?"

"Kaka, jana nilisimama mahali pamoja mpaka picha ikaisha. Sikutaka kuwa kwengine kokote. Sijawahi."

Nadhani alitaka kukasirika akakosa pa kuanzia. Akaenda zake dukani.

Taa ya sauti ikaletwa na basi la Jumamosi, na jioni picha ikaonyeshwa kwa watu wote. Jumapili asubuhi Twalib alikuwa tena mlangoni petu, safari hii kofia mkononi.

"Mke wangu hasemi nami."

"Umemfanya nini Rukia?"

"Nimemwambia kweli. Nimeiona ile picha jana. Yule mwanamke hakumwita mtu jina. Alisema 'kula.' Basi! Kijiko hiki hapa, 'kula.'" Kwa biashara yake na Wahindi, Kihindi cha bei na cha chakula alikijua vizuri. "Rukia ananiambia wanaume ndio hatusikii. Kwa nini mmewadanganya wake za watu?"

Niliondoka na leso begani mpaka kwa Bi Kulsum. Alikuwa anachambua mchele.

"Alisema 'kula,'" nikamwambia.

"Alitugeuzia mgongo," akanong'ona. "Midomo sikuiona."

"Mbona hukuniambia hukuiona?"

"Ukumbi ulikuwa unangoja, beti." Akatoa kijiwe kimoja. "Nikajiuliza, ningekuwa ni mimi, baada ya miaka yote hiyo, ningesema nini? Marehemu nimekaa naye maisha na jina lake sikumwita hata mara moja."

Nikakaa nikachambua naye.

Malindi ikagawanyika. Wanaume walisema "kula," wanawake walisema "Mohan," na mabishano yakaingia sokoni na kwenye foleni ya maji. Watoto walitumwa kwa Bwana Abbas na ujumbe kwamba picha irudiwe, na Bwana Abbas, ambaye hakuwa mjinga, hakuirudisha mikebe Mombasa. Alhamisi ya pili viti havikutosha, wakaketi kwenye ngazi. Habari za picha za ngumi hazikusikika tena mwaka ule.

Kabla sijaingia, Rukia alinishika mkono. "Wifi, leo sauti ipo. Lakini wewe una kipaza sauti. Ukisema Mohan kwa nguvu, hiyo 'kula' nani ataisikia?"

"Na nikisema 'kula'?"

"Basi mimi kakako nitamtazama vipi?"

Picha nzima nilitembea na swali lile, waya ukinifuata. Naliwaza hata leo. Wakati mwingine naona "Mohan" ndilo neno la picha ile na aliyeiandika alikosea. Wakati mwingine naona hakuna mapenzi makubwa kuliko kijiko na "kula." Lakini yule mwanamke alikuwa ana neno lake. Alilingoja picha nzima. Kama ningelimnyang'anya, ningekuwa sina tofauti na waliomfukuza bila kumsikiliza.

Bakuli likatokea. Mgongo ukatokea. Kijiko kikapanda, na safari hii sauti ya mwanamke ikasikika, ndogo, karibu ya kikohozi. Nikaisema kama alivyoisema.

"Kula."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Nilijua nimewapoteza. Kisha kutoka gizani, safu ya nne, mtu akaita, "Mohan!" Niliijua sauti ya wifi yangu. Akaitikia mwengine kutoka roshanini, na mama mmoja wa Kigiriama mbele, halafu ukumbi mzima ukawa unamwita yule mume kwa jina, wake na wajane na walioachika, na yeye juu ya pazia ameinua uso kama anayewasikia.

Nilizima kipaza sauti. Bi Kulsum alikuwa amesimama safu ya pili, mdomo wazi, anaita na wenzake. Sauti hakuwa nayo. Lakini alikuwa amenielekea, na midomo yake niliisoma. Hakuwa akisema Mohan. Lilikuwa jina jingine, la marehemu mumewe.